Kutoka hockeyskola hadi SHL: mwongozo kamili kwa mzazi mwenye dogo wa hoki Uswidi

Wazazi wenzangu mlioko Uswidi, nimeandika hii kwasababu swali linalokuja ni lilelile kila msimu. Dogo ana miaka 15 au 16, anacheza hoki ya barafu toka yuko mdogo, kocha anamsifia, alafu baba na mama ndo kwanza wanauliza tumwandikie nani Frölunda, tumwandikie nani Djurgården ili achukuliwe. Humwandikii mtu. Timu kubwa hazichukui watoto kwa barua wala kwa video ya WhatsApp, zinachukua kwa ngazi, na kuna ngazi moja, ile ya darasa la tisa, wengi wetu tunaipita tumelala. Ukija kushtuka nafasi zimeshagawiwa.

Historia ya hoki tunaiacha, haikusaidii kitu hapa. Tunaanza na vifaa, alafu hatua moja moja mpaka SHL, ligi kuu ya kulipwa ya Uswidi. Kama dogo wako ana miaka 14 kwenda juu, ruka moja kwa moja hatua ya 4, hizo nyingine utarudi kuzisoma usiku.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Skeiti, vile viatu vyenye chuma chini vya kutelezea kwenye barafu. Hela ya kwanza iende hapa. Usinunue kubwa eti "atakua", kifundo cha mguu kinacheza ndani ya kiatu, dogo anatembea kwa kulalia upande na hatajifunza kukimbia kwenye barafu hata umlete mara tano kwa wiki. Vidole viguse mbele kidogo akisimama wima, akikunja magoti kisigino kikae nyuma kabisa. Na ukinunua mpya dukani usimpeleke uwanjani hivyohivyo, uliza kama zimenolewa, mara nyingi bado.

Helmeti yenye wavu wa chuma usoni. Ikiwa na ufa hata mdogo, tupa, hata kama umepewa bure.

Kinga ya shingo. Hapa hakuna mjadala. Oktoba 2023 mchezaji Adam Johnson alikatwa shingoni na skeiti kwenye mechi pale Sheffield, Uingereza, akafariki. Baada ya hapo shirikisho la dunia, IIHF, likafanya kinga ya shingo kuwa lazima kwenye mashindano yake. Dogo akilalamika inamwasha mbadilishie aina nyingine ila asicheze bila.

Vilivyobaki: pedi za mabega, za viwiko, za ugoko, glavu, kaptula nene yenye pedi, kinga ya sehemu za siri, na stiki. Kipimo cha stiki: akiwa kavaa skeiti ifike kidevuni, bila skeiti ifike puani. Mzazi anayenunua stiki ndefu ili ikae miaka mitatu anamfundisha mtoto kushika vibaya miaka mitatu.

Sasa kabla hujaenda dukani na kadi yako ya benki, subiri. Kuna kitu kinaitwa Fritidsbanken, kipo kwenye manispaa nyingi, ni maktaba ya vifaa vya michezo, unaazima bure, kawaida siku 14, na wala hawakuulizi mshahara wako. Alafu klabu nyingi zinakopesha seti nzima kwa watoto wanaoanza. Na kipa mdogo usimnunulie chochote mwanzoni, vifaa vya kipa ni ghali kupita kiasi na klabu huwa inavyo.

Muda na mwili wako mzazi. Hili watu hawaambiwi. Mazoezi ya watoto yanaweza kuwa Jumamosi alfajiri, nje giza, gari limeganda. Klabu zinaendeshwa na wazazi kwahiyo utapangiwa zamu ya kioski, utauza kahawa na soseji, na utauza toilet pepa kwa majirani kuchangia timu. Ndiyo, toilet pepa, mabunda kwa mabunda. Usikatae, kwasababu pale kioskini ndo habari zote zinapitia, nani anahama, kambi ni lini, shule ipi inatafuta beki. Asiyekaa kioskini anasikia mambo mwezi mmoja baadaye.

Kiswidi cha kutosha kusoma ujumbe wa timu. Klabu nyingi zinatumia laget.se au apu nyingine ya aina hiyo, na kila kitu kiko humo kwa Kiswidi. Usimwachie mtoto akutafsirie, atakutafsiria anachotaka yeye.

## Hatua ya 1: Hockeyskola, miaka 5 hadi 8

Tafuta uwanja wa barafu wa manispaa yako (wenyewe wanauita ishall) na uangalie klabu gani iko pale. Madarasa ya wanaoanza yanaitwa hockeyskola, yanafunguliwa msimu ukianza, Agosti au Septemba hivi. Hakikisha ni hoki na sio bandy maana Waswidi wana huo mchezo mwingine nao wa skeiti, uwanja mkubwa kama wa soka na wanacheza na kimpira badala ya paki, kile kisahani cheusi cha hoki. Mzuri tu, ila njia yake haifiki SHL.

Kinachofundishwa hapa ni skeiti. Kusimama, kuanguka, kuinuka, kugeuka kulia na kushoto, kusimama ghafla, kurudi nyuma. Stiki na paki ni za kumfurahisha. Usikae kwenye kioo unapiga kelele "piga goli", magoli ya umri huu hayana maana yoyote na kocha atakukumbuka vibaya.

Je kama dogo ameanza na miaka 10 au 11 kwasababu ndo mmefika nchini? Bado inawezekana ila lazima apate barafu ya ziada. Viwanja vingi vina masaa ya wazi kwa watu wote, yanaitwa allmänhetens åkning, mara nyingi bure au kwa hela ndogo. Mpeleke hayo masaa mara mbili tatu kwa wiki msimu mzima. Hiyo ndo njia ya mkato pekee ninayoijua kwenye hoki na hata yenyewe sio fupi.

Utajua imefanikiwa: anaanguka na kuinuka mwenyewe bila kukuangalia, na anasimama ghafla kwa pande zote mbili. Akiweza upande mmoja tu, bado.

## Hatua ya 2: Miaka 9 hadi 12, usiharibu

Naiita usiharibu kwasababu kazi kubwa ya mzazi hapa ni kutokuharibu. Watoto wadogo wanacheza kwenye kipande cha uwanja, sio uwanja mzima, ili kila mmoja aguse paki mara nyingi. Msimamo wa ligi hawawekewi. Baba mmoja akaniambia huo ni ulegevu wa Kizungu, nikamwambia angalia ulegevu huo unazalisha wachezaji wangapi wa NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, kutoka nchi yenye watu milioni kumi na kitu.

Mwache acheze na mchezo mwingine kiangazi, soka, riadha, chochote. Sababu ni miguu, mapafu na kichwa kupumzika. Mtoto aliyelishwa hoki miezi 12 kwa mwaka toka ana miaka 8, ikifika 14 ndo anaweka begi chini na kusema basi.

Kitu kingine cha kuangalia ni mwezi wa kuzaliwa. Timu zinapangwa kwa mwaka wa kalenda, kwahiyo wa Januari na wa Desemba wako kundi moja wakati mmoja kamzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Wa Januari anaonekana kipaji, wa Desemba anaonekana hana nguvu. Kama wako ni wa Novemba au Desemba usimkatie tamaa na usikubali awekwe benchi kila mechi, nenda ongea na kocha kwa adabu, umri huu wote wanatakiwa kucheza.

Tahadhari ya hela: kambi za kiangazi za watu binafsi ni biashara. Moja kwa mwaka inatosha, na kama hela hakuna, hata sifuri inatosha.

Utajua imefanikiwa: asubuhi ya Jumamosi yeye ndo anakuamsha wewe.

## Hatua ya 3: Miaka 13 na 14

Sasa miili inaachana. Kuna dogo ana ndevu na kuna dogo ana sauti ya mtoto, wote timu moja, na kugongana kumeanza kuwa kwa kweli. Aliyechelewa kukua ajenge skeiti na kusoma mchezo, urefu utakuja. Aliyewahi kukua ndo wa kumhofia zaidi, amezoea kushinda kwa nguvu, wenzake wakimfikia anakosa cha kufanya.

Usimhamishe klabu kila msimu kufuata jina. Anahama kama hapati muda wa kucheza au kama kocha hafai, basi.

Akigongwa kichwa akaonekana amechanganyikiwa, kichwa kinauma, kichefuchefu, mechi imeisha kwake siku hiyo hata kama ni fainali. Anaonwa na daktari na anarudi taratibu hatua kwa hatua. Hapa usisikilize ushujaa wa mtu yeyote, wa dogo wala wa kocha.

Na shule. Uswidi alama zinaanza kutolewa darasa la sita. Angalia hesabu, Kiingereza na Kiswidi toka darasa la saba, sababu utaiona hapo chini.

## Hatua ya 4: Darasa la tisa, hapa ndo watu wanakwama

Soma hii mara mbili.

Mambo mawili makubwa yanatokea kwa wakati mmoja, msimu dogo anapotimiza miaka 15 na yuko darasa la tisa. La kwanza ni TV-pucken, mashindano ya timu za wilaya za hoki, yapo toka 1959, na kila skauti (mtafuta vipaji wa klabu) nchini anayaangalia. La pili ni kuomba hockeygymnasium. Mtu anayejua la kwanza tu anadhani dogo akikosa TV-pucken kila kitu kimekwisha. Asiyejua la pili anasubiri aitwe, na haitwi.

Hockeygymnasium ni sekondari ya juu ya kawaida, miaka mitatu, ila mazoezi ya hoki yamo ndani ya ratiba, ni somo kabisa linaitwa specialidrott na linatoa alama. Shule inafanya kazi na klabu, kwahiyo ukiingia shule ile umeingia pia timu ya J18, yaani vijana chini ya miaka 18, ya klabu ile. Ndo mlango mkuu wa hoki ya vijana Uswidi. Tafuta zenye kibali cha kitaifa, kinaitwa NIU, hizo zimepitishwa na shirikisho na zinapokea wanafunzi kutoka nchi nzima. Kuna nyingine zinaitwa LIU, hizo shule imejianzishia yenyewe. Sio mbaya kwa anayetaka mazoezi, ila sio kitu kimoja, na matangazo yao yanafanana kweli ukiyasoma harakaharaka.

Ratiba ya kufuata. Tarehe kamili zinatofautiana kati ya shule na mkoa, kwahiyo angalia ukurasa wa kila shule, ila mpangilio ni huu:

1. *Januari hadi Mei, darasa la nane.* Wilaya inaanza kukusanya vijana kwenye mazoezi ya kuchagua. Muulize kocha wazi, dogo amependekezwa au hajapendekezwa? Orodhesha shule sita hadi nane: mbili za klabu kubwa, nyingine za klabu za HockeyAllsvenskan na HockeyEttan (ligi za ngazi ya pili na ya tatu), na moja karibu na nyumbani.

2. *Kiangazi.* Mazoezi ya nchi kavu, nguvu ya miguu na kukimbia. Ndo wakati pia wa kwenda kuziona shule mbili tatu kama kuna gari.

3. *Agosti hadi Novemba, darasa la tisa.* Siku za wazi na siku za majaribio. Maombi ya upande wa michezo yanajazwa kipindi hiki, tofauti kabisa na maombi ya shule. Usidhani ukijaza moja umejaza zote! Hili kosa peke yake limewaacha nje watoto wazuri wengi. TV-pucken nayo inachezwa miezi hiihii, kwahiyo nyumbani kutakuwa moto, andaa chakula na uvumilivu.

4. *Desemba hadi Februari.* Klabu zinajibu, na maombi ya kawaida ya sekondari ya juu yanafunguliwa. Shule ya hoki iwe ya kwanza kwenye orodha na chini yake weka programu ya kawaida kama akiba.

5. *Juni.* Alama za mwisho. Hizi ndo zinaamua kama anaingia kweli.

Kwanini alama. Klabu ikimtaka na alama hazitoshi haingii, hakuna mjomba wa kumpigia simu. Anatakiwa awe amefaulu Kiswidi (au Kiswidi kama lugha ya pili, inakubalika), Kiingereza na hesabu, pamoja na masomo mengine: jumla 8 kwa programu za ufundi, jumla 12 kwa programu za kuelekea chuo kikuu. Kufaulu ni E kwenda juu. F moja ya hesabu inafunga mlango ambao miaka kumi ya skeiti ilikuwa imeufungua. Kama Kiswidi kinasumbua anza msaada wa masomo darasa la saba, usisubiri la tisa.

Hela na pa kulala. Shule ikiwa mji mwingine dogo atapanga chumba, au ataishi kwenye nyumba ya wachezaji, au kwa familia. Ikiwa ni shule ya manispaa, manispaa yenu ya nyumbani ndo inatoa posho ya malazi, inaitwa inackorderingstillägg. Ikiwa ni shule ya binafsi, hiyo posho unaiombea CSN, ofisi ya serikali ya hela za wanafunzi. Juu yake kuna studiebidrag, posho ya masomo, ya krona 1,250 kwa mwezi kwa kila mwanafunzi wa umri huo, na akikosa masomo bila sababu inasimamishwa. Piga hesabu mapema maana hizi hela hazimalizi kodi, chakula na ada ya klabu kwa pamoja.

Maswali ya kumuuliza kocha wa klabu, na usione haya:

- Mnachukua vijana wangapi mwaka huu, na wangapi wa nafasi yake? Kama dogo ni kipa na wanachukua kipa mmoja tu ambaye tayari ni wao, mnapoteza muda.
- Kati ya vijana wenu wa J18 wangapi wanapanda J20 (chini ya miaka 20) ya hapahapa, na wangapi mnawaleta kutoka nje?
- Jioni anasimamiwa na nani? Akiumwa saa nane usiku anampigia nani?
- Wanaokaa na watoto, makocha na wengine, wameonyesha hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi? Mashirika ya michezo Uswidi yanadai hati hiyo kwa wanaofanya kazi na watoto, kwahiyo swali lako ni la kawaida. Akikasirika umepata jibu.

Kwa familia za Kiislamu ongezea moja: Ramadhani. Miaka hii inaangukia Februari na Machi, kipindi cha mechi za mwisho wa msimu. Kocha akijua mapema mazoezi na chakula vinapangika, akijua siku ya mechi atadhani dogo anaumwa.

Ushauri wangu mimi, na kuna watakaobisha: chukua klabu ndogo ambako atacheza kuliko klabu kubwa ambako atavaa jaketi. Umri wa miaka 16 bila mechi ni mwaka uliopotea, nembo kifuani hairudishi mwaka.

Utajua imefanikiwa: ana jibu la klabu, ana nafasi ya shule, na ana kitanda. Vikikosekana viwili kati ya hivyo abaki nyumbani, sekondari ya kawaida na J18 ya klabu yake, njia bado ipo.

## Hatua ya 5: J18 na J20

Majina ya ligi yanachanganya, kwahiyo: J18 Regional, juu yake J18 Nationell, alafu J20 Regional, na juu kabisa J20 Nationell, ambayo zamani iliitwa SuperElit. Mtu akikwambia mwanae anacheza J20, muulize ipi, tofauti ni kubwa.

Hapa mazoezi ni karibu kila siku, gym, safari za basi za masaa sita. Wengi wanaanguka sio kwa kipaji ila kwa usingizi na chakula. Dogo aliyehama nyumbani anaishi kwa makaroni na kechapu, mfundishe kupika wali, maharage, mayai na kuku kabla hajaondoka, ni maandalizi ya hoki kabisa hayo.

Mawakala watajitokeza. Wengine wazuri, wengine wanakusanya watoto kumi wakitumaini mmoja atoke. Chini ya miaka 18 hawezi kujifunga na mkataba bila mzazi au mlezi kukubali, kwahiyo kalamu iko kwako. Usisaini kitu siku ulichokiona, lala nacho, mpe mtu anayejua Kiswidi cha mikataba akisome, na muulize wakala anapata nini, lini, na mkivunja inakuwaje. Anayetaka hela kwako mzazi kabla dogo hajaingiza hata senti, achana naye.

Jambo zuri sana likitokea umri huu ni kukopeshwa. Klabu inamwazima kijana wa miaka 18 au 19 kwa timu ya HockeyEttan akacheze na watu wazima. Wazazi wengi wanaona ameshushwa. Kule anagongwa na mabeki wa miaka 30 wenye familia, anajifunza kuamua haraka, na takwimu zake zinaonekana Elite Prospects, tovuti ya takwimu za wachezaji, ambako kila skauti anachungulia.

## Hatua ya 6: Ligi za watu wazima

Ngazi ni tatu. HockeyEttan, makundi ya kikanda, na wengi wanachanganya na kazi au shule. Juu yake HockeyAllsvenskan, timu 14. Juu kabisa SHL, timu 14 pia, kila moja mechi 52 kabla ya mtoano. Timu zinapanda na kushuka, kwahiyo angalia timu iko wapi mwaka huo kabla hujasaini.

Sasa sikiliza habari ya Johnny Oduya, maana sisi tuna haki ya kumtaja. Kazaliwa Stockholm 1981, baba yake Mkenya. Akiwa kijana alienda Kanada kucheza ligi ya vijana ya Quebec. 2001 Washington Capitals wakamchagua kwenye drafti, ile siku timu za NHL zinapochagua vijana kwa zamu, raundi ya 7, yaani nyuma sana, na wala hajawahi kuwachezea. Akarudi nyumbani akacheza Hammarby, ngazi ya pili. Kutoka hapo Djurgården, alafu Frölunda. NHL ameingia 2006 na New Jersey Devils akiwa anatimiza miaka 25. Beki huyohuyo kanyanyua kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, mara mbili na Chicago Blackhawks, 2013 na 2015, na katikati hapo medali ya fedha ya Olimpiki 2014 na Uswidi.

Weka pembeni yake Rasmus Dahlin, kacheza SHL na Frölunda ana miaka 16 na 2018 akachaguliwa namba moja kwenye drafti ya NHL. Wazazi wote wanapanga kama vile mtoto wao ni Dahlin, wakati ratiba ya kawaida ni ya Oduya: ngazi ya pili miaka miwili mitatu, timu kubwa ukiwa na 22, 23, 24. Kwahiyo dogo wa miaka 20 aliyeko HockeyAllsvenskan yuko kwenye ratiba, msimwambie aache akatafute kazi ya ghala.

Mkataba wa kwanza wa watu wazima, angalia haya: ni wa miaka mingapi, nani anaruhusiwa kuuvunja na lini, timu ikishuka ngazi mshahara unakuwaje, akiumia analipwa mpaka lini, klabu inaweza kumkopesha bila kumuuliza? Wachezaji wana chama chao kinaitwa SICO, ajiunge, asisubiri mpaka agombane na klabu.

Utajua imefanikiwa: analipa kodi ya nyumba mwenyewe kwa hela ya hoki. Kabla ya hapo bado yuko mafunzoni hata kama picha yake iko kwenye bango.

## Hatua ya 7: Drafti ya NHL

Kwa ufupi tu kwasababu inahusu wachache. Anaweza kuchaguliwa akifikisha miaka 18 kabla ya kati ya Septemba mwaka wa drafti. Raundi ni 7, timu 32. Kuchaguliwa sio mkataba, ni timu kujiwekea haki ya kuongea naye, basi. Henrik Lundqvist alichaguliwa wa 205 mwaka 2000, akabaki Frölunda miaka mitano, akaenda New York 2005, leo yuko kwenye ukumbi wa magwiji. Asipochaguliwa kabisa asivunje stiki, timu za NHL zinasaini pia watu wasio na drafti.

Kwenda Kanada mapema na miaka 17 kunaweza kumfaa dogo fulani, ila waulize shule itaendeleaje na atakaa na nani. Aliye na nafasi ya kucheza J20 Nationell au na watu wazima nyumbani, mimi namwambia abaki.

## Wasichana

Hatua za mwanzo ni zilezile, wadogo wanaweza kucheza pamoja na wavulana, na hockeygymnasium za wasichana zipo. Juu ni SDHL, ligi kuu ya wanawake, ambako toka 2022 kugongana kwa mwili kumeruhusiwa, na nje kuna PWHL, ligi ya wanawake ya kulipwa ya Marekani na Kanada iliyoanza Januari 2024. Mahali pamoja ni rahisi kuliko kwa wavulana: wachezaji ni wachache, hivyo binti mzuri wa miaka 15 anaonekana haraka. Pagumu ni hela, kwahiyo shule isiachwe hata siku moja.

## Mlioko Nairobi, Dar, Kampala mnaouliza

Nairobi kuna barafu pale Panari na kuna timu ya Kenya Ice Lions, na Kenya iliingia IIHF 2024. Ni mwanzo mzuri. Lakini klabu ya Uswidi haitamwita kijana wa miaka 16 kwa video, na bila kibali cha kuishi hakuna hata pa kuanzia. Anayekwambia analo "jaribio" SHL na anataka umtumie hela ya usajili kwanza ni tapeli. Usimtumie hata shilingi, na picha ya pasipoti ya mtoto usimtumie pia. Kama familia inahamia Uswidi kwa kazi au masomo, hapo ndo mambo yanaanza, na yanaanza hatua ya 1 na masaa ya bure ya skeiti, haijalishi umri.

## Dogo akiishia njiani

Wengi wataishia njiani na hoki bado inawataka. HockeyEttan na madaraja ya chini yanajaa watu wa miaka 25 wanaofanya kazi mchana na kucheza usiku. Upande wa refa ndo kuna upungufu hasa, vijana wanaweza kuanza na mechi za watoto na wanalipwa kwa kila mechi, na kozi huwa zinafanyika kabla msimu haujaanza. Mwambie aulize ofisi ya hoki ya wilaya mwezi wa nane, skeiti anazo tayari, na filimbi wanauza hukohuko.